Feloshipu ni Kikoa: Niliyoyasema Tudor Jumamosi Iliyopita

Wengine mlikwama kwenye foleni ya feri Likoni, wengine mko Lamu na Kwale, mkaniomba maneno ya siku ile, ya mkutano wetu wa Tudor, Mombasa, kwa wanaotafuta feloshipu za kusomea ng'ambo. Nayaweka hapa yote kama nilivyoyasema. Nimeacha matangazo ya mwanzo na picha zilizomulikwa ukutani, ambazo hata waliokuwepo hawakuziona vizuri kwa jua la dirishani.

Assalaam alaikum. Bwana asifiwe. Hamjambo nyote?

Maalim uliyetuazima ukumbi, wazee wangu, mama zangu, na nyinyi wadogo zangu mliojibanza kule nyuma karibu na mlango kama watu wenye deni: sogeeni mbele. Viti vipo. Mahamri pia yapo, lakini yako huku mbele.

Nianze na mamangu. Siku nilipopata barua kwamba nimekubaliwa kusomea MBA, shahada ya uzamili ya biashara, Marekani, na kwamba feloshipu itanilipia, nilikwenda mbio nyumbani Majengo nikamkuta anapepeta mchele. Nikamwambia, "Mama, nimepata feloshipu." Uteo ukasimama hewani. "Feloshipu? Umeanza kwenda kanisani, mwanangu?"

Mimi nacheka, yeye hacheki. Kwake yeye feloshipu ni ile ya jirani yetu ya kila Jumatano jioni, nyimbo na makofi mpaka saa tatu usiku. Nikamweleza kwamba hii ni nyingine, ni watu wanaowasomesha wengine biashara. Akapepeta mara mbili tatu, akaniuliza swali ambalo profesa yeyote hajaniuliza mpaka leo: "Na hao watu wanataka nini kwako?"

Nikamjibu, "Hawataki kitu, mama."

Nilikosea. Miaka tisa imepita na bado namjibu mamangu kidogo kidogo.

Pesa nitazipitia haraka, kwa sababu najua ndizo zilizowaleta wengi wenu hapa. Karo ya miaka miwili, tikiti ya ndege, bima ya afya. Mimi nilikuwa karani katika ofisi ya klaringi, ya kuwatolea watu mizigo bandarini. Karo ile ningeichanga mpaka wajukuu wangu waote mvi. Kwa hiyo sizidharau. Anayedharau pesa za karo hajawahi kushika barua ya chuo mkono huu, na mkono wa pili hauna nauli ya kwenda ubalozini Nairobi. Lakini siku niliyovaa joho, pesa zile zilikuwa zimeshamaliza kazi yake. Walionibakia ni watu.

Watu gani? Hebu niwaonyeshe mmoja.

Wiki ya pili chuoni, felo, yaani mwanafunzi wa feloshipu kama mimi, wa mwaka wa pili, dada mmoja kutoka Kumasi, aliniambia nimpelekee wasifu wangu. Ukurasa mmoja. Akausoma kwa muda wa kufumba na kufumbua, maana haukuwa na kitu. Niliandika: karani wa hati, ofisi ya klaringi, miaka 6. Akaniuliza, "Ulikuwa ukifanya nini?" Nikasema, hati. "Hati za nini?" Za makontena. "Makontena mangapi?"

Nikanyamaza. Jamani, mtu anafanya kazi miaka sita asijue makontena mangapi? Nilijua. Nilichokuwa sijui ni kwamba jambo lile lina thamani ya kusemwa.

Watu wa Kilindini mtanielewa. Kontena likishushwa melini lina siku zake za bure. Zikiisha, mita inaanza kusoma: bandari inatoza pesa za kuhifadhi, mwenye meli anatoza demareji ya kontena lake, na mwenye mzigo anakupigia simu akikutukana mpaka na waliokuzaa. Ofisini kwetu kila mtu aliziweka siku hizo kichwani, na kichwa husahau. Basi nikanunua daftari la jalada gumu, la mistari, kwenye duka moja karibu na Marikiti. Nikalichora safu: namba ya kontena, siku iliyoshuka, siku ya mwisho ya bure, entri ya forodha imefika wapi, lori la nani. Zikibaki siku mbili, naiandika namba upya kwa kalamu nyekundu. Kila asubuhi saa moja na nusu nasimama mlangoni nasoma nyekundu kwa sauti, kama mwalimu anayeita rejista, mpaka madereva wakanibandika jina la Bi Nyekundu. Mwaka haukuisha, matusi ya simu yakapungua sana. Hakuna aliyenituma kufanya vile. Hakuna aliyenipandisha cheo pia, ila hilo tuliache.

Nilipomsimulia yule dada, aliiweka kalamu chini. "Mbona hili hukuliandika?"

"Si daftari tu?"

Akasema, "Hilo daftari ndilo mtakalofundishwa muhula mzima. Ila mwalimu ataliita jina refu."

Na kweli, ikaja somo la usimamizi wa ugavi, na nusu ya mambo yaliyoandikwa ubaoni nilikuwa nimeshayachora kwa rula na biki katika chumba kisicho na feni. Usiku ule tulikaa naye mpaka mlinzi akaja kuzima taa. Wasifu ukatoka mwingine kabisa, na hatukutia hata neno moja la uongo.

Sasa niwaulize nyinyi. Daftari lenu ni lipi? Wewe unayemsaidia mjomba dukani Kongowea, ndiwe unayejua mteja gani halipi na yupi hulipa akisukumwa kidogo. Wewe uliyeshika hazina ya chama cha kina mama miaka minne bila shilingi kupotea. Nani amekuuliza "ngapi?" Mjomba hawezi kukuuliza, amekuzoea. Mama hawezi, kwake yeye wewe ni mtoto mwema, basi. Anayetakiwa ni mtu wa mbali kidogo aliyepita njia ile ile, mwenye muda wa kukaa nawe mpaka taa zizimwe. Huyo ndiye nilipewa, na hakuandikwa popote katika ile barua.

Msidhani baada ya hapo mambo yalinyooka.

Ulipofika msimu wa kutafuta mafunzo kazini, yale ya miezi mitatu ya kiangazi, tuliambiwa tuzungumze na watu wa makampuni. Dakika ishirini kwa simu ya video. Wa kwanza wangu alikuwa bwana wa kampuni kubwa ya usafirishaji. Nikamsalimu kama mtoto wa Mombasa aliyelelewa. Hujambo, habari za nyumbani, watoto hawajambo, na wazee je, na huko baridi inaendaje, na kazi, na usingizi. Kwetu ukiyaruka hayo una kiburi. Yeye anajibu "vizuri", "vizuri", huku anatazama kitu pembeni. Kumbe ni saa. Nilipofika kwenye shida yangu zimebaki dakika saba, na katika hizo saba akapigiwa simu.

Kampuni kumi na moja zilinikataa msimu ule. Kumi na moja. Na mafelo walikuwa na chakula cha pamoja kila Alhamisi usiku. Nikaacha kwenda. Nikasema nina mafua. Wiki tatu nina mafua, mwanamke mzima, najifungia chumbani kwa sababu siwezi kukaa meza moja na watu ambao naamini wameshapata.

Wiki ya nne bwana mmoja wa Peru, mpole, ambaye tulikuwa hatujazungumza zaidi ya salamu, akanigongea mlango. Hakunipa pole. Alinipa simu yake nisome. Kampuni kumi na nne, zote zimemkataa. Akasema, "Alhamisi huwa tunasomeana barua hizi. Unakosa kicheko bure."

Nikaenda. Walikuwa wanazisoma kwa zamu, anayesoma ya baridi kuliko zote anasamehewa kuosha vyombo. Baada ya kula wakaniweka kitini, wakatega ile saa ya jikoni ya kupimia mayai: dakika moja. Salamu zote ziishe kabla haijalia. Mara ya kwanza ililia nikiwa bado niko kwa wazee wa watu. Mara ya tano nikaweza. Lakini sikukubali salamu zote zikatwe, niseme ukweli. Nilibakiza swali moja, "Wewe ulifikaje kwenye kazi hii?" Watu hupenda kulijibu, na wakilijibu huwa wameshakueleza njia nzima.

Basi kazi niliipataje? Hapa ndipo penye ajabu. Sikuipata kwa dada wa Kumasi aliyenipenda kama mdogo wake. Sikuipata kwa yule bwana wa Peru. Niliipata kwa mtu niliyeonana naye mara moja, felo aliyemaliza miaka mitatu kabla yangu. Tulisimama pamoja kwenye foleni ya kuchukua vitambulisho vya mkutano. Foleni ilikuwa ndefu, nikamhadithia daftari. Miezi mitano baadaye akaniandikia mistari miwili: idara yetu inatafuta mtu wa makontena, tuma wasifu kwa huyu.

Nilidhani ni bahati yangu tu. Kumbe limeshachunguzwa. Mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, mwaka 1973 alichapisha utafiti ambao ndani yake aliwauliza watu wa Newton, karibu na Boston, waliobadili kazi karibuni. Wale waliosaidiwa na mtu wanayemjua, aliwauliza: huyo mtu mlikuwa mkionana mara ngapi? Waliosema mara nyingi, yaani angalau mara mbili kwa wiki, hawakufika asilimia 17. Kama asilimia 56 walisema mara moja moja. Kama asilimia 28 walisema kwa nadra, mara moja kwa mwaka au chini ya hapo.

Ukifikiri, ina maana. Mnaokaa baraza moja kila jioni mnanywa kahawa ile ile na mnasikia habari zile zile. Nafasi ya kazi usiyoisikia wewe, na mwenzako hajaisikia. Anayeijua yuko ng'ambo ya pili ya feri, mnajuana kwa harusi tu.

Naona kuna mzee ananitazama kwa jicho la pembeni. Najua unachofikiri, ami. Unafikiri, huku si ndiko kujuana kule kule tunakokulaani sisi hapa? Kazi bila mtu hupati, mwenye mjomba ofisini ndiye anayeitwa?

Swali zuri, na sitalikimbia. Kuna kujuana kwa kushikiwa kiti, mtu hajui kazi na anapewa kwa jina la babake. Kuna kujuana kwa kuonyeshwa mlango: unaambiwa mlango uko pale, ukifika unahojiwa kama wengine, na kukataliwa unakataliwa. Mimi nilihojiwa mara tatu. Lakini sitawadanganya kwamba kati ya hayo mawili kuna ukuta mnene. Ukuta ni mwembamba. Na mwenye kudhulumiwa ni yule asiyemjua mtu hata wa kumwonyesha mlango.

Na kwa ajili ya huyo ndipo vitu hivi vilianzishwa. Mwaka 1966, katika mji wa St. Louis, Marekani, alikuwako profesa wa usimamizi jina lake Sterling Schoen, wa Washington University. Huo ni wakati wa vuguvugu la haki za raia. Makampuni makubwa ya Marekani yalikuwa na wafagizi weusi na wapagazi weusi. Mameneja weusi ungewatafuta kwa tochi. Schoen akaunganisha vyuo vitatu, chake, Indiana University na University of Wisconsin, na makampuni yakachangia karo. Mwaka 1967 wakaingia wa kwanza, watu 21, wote wanaume weusi. Wanawake ilibidi wangoje mpaka 1970, na hilo nalo tuliache, maana nikilianza hatutakula.

Fikirieni watu 21 waliogawanywa vyuo vitatu. Darasani labda wewe ni mmoja, au wawili. Unajua hesabu kama wenzako, lakini mwenzako babake anacheza gofu na mkurugenzi. Karo peke yake ingekusaidia nini? Umoja ule uko mpaka leo, unaitwa The Consortium for Graduate Study in Management, vyuo vyake vimepita 20, na kila Juni huwakutanisha mafelo wapya na makampuni kabla hata masomo hayajaanza. Kabla! Wapo wanaoingia darasani siku ya kwanza na nafasi ya mafunzo kazini mfukoni. Walikaa wakatazama mtoto wa tajiri ana nini ambacho hakinunuliwi na karo, wakaona ana watu. Wakaamua kuwatengenezea watu wale wasio nao.

Sasa nirudi kwa mamangu na swali lake. Wanataka nini?

Wazee hapa mnakijua kikoa. Vijana sijui. Kikoa ni kula kwa zamu: leo napika mimi mle nyote, kesho fulani, kesho kutwa fulani. Hakuna anayeandika hesabu, hakuna anayekudai. Lakini zamu yako ikifika ukafunga mlango, kila mtu anajua. Feloshipu ni kikoa. Yule dada wa Kumasi alikuwa anapika zamu yake kwangu. Hakutaka nimlipe yeye. Wa kulipwa na mimi alikuwa bado hajazaliwa katika mambo hayo.

Na mimi, zamu yangu ilipofika, nilifunga mlango.

Nimeomba ruhusa kulisema hili, na mwenyewe amenipa mradi nisimtaje jina. Kijana wa hapa hapa, wa Changamwe, alikubaliwa na chuo kile kile nilichosoma mimi. Akaniandikia kwa WhatsApp, "Shikamoo dada, una dakika kumi?" Wakati ule nimeshapata kazi, nina ofisi, nina mikutano. Nikausoma ujumbe nikiwa ndani ya tuktuk Makupa, nikasema nitamjibu jioni. Zile alama mbili za buluu akaziona. Jioni ikawa wiki, wiki ikawa mwezi.

Nilimjibu baada ya miezi minne.

Alichotaka kuuliza ni hiki: chuo kinadai amana ya kushikilia nafasi kabla ya tarehe fulani, na hana, je, afanye nini? Jibu lake ni barua pepe ya mistari mitano. Unawaandikia, unaeleza hali yako, unaomba uongezewe muda. Mimi mwenyewe niliiandika barua hiyo mwaka wangu, nikaongezewa, kwa sababu felo mmoja aliniambia inawezekana. Yeye hakuwa na wa kumwambia. Tarehe ikapita, nafasi ikaenda kwa mwingine.

Nilipompigia hakunilaumu. Alisema, "Hapana neno, dada, najua uko bize." Afadhali angenitukana kama wale wenye makontena.

Sina la kuongeza hapo. Tangu siku ile nina saa mbili kila Jumapili baada ya alasiri ambazo si zangu, na ndizo zilizoleta mkutano huu.

Haya, mambo ya kufuata. Mniulize mmoja mmoja, nayataja kwa juu. Ile Consortium ni ya raia wa Marekani na wakaazi wa kudumu wa kule, msipoteze muda wenu. Ufadhili wa masomo wa Chevening, wa serikali ya Uingereza, uko tangu 1983, ni wa mwaka mmoja, na sisi Wakenya tunaruhusiwa. Wanataka saa 2,800 za kazi, kiasi cha miaka miwili, na kujitolea kunahesabiwa. Narudia, kujitolea kunahesabiwa, kwa hiyo nenda ukaandikiwe barua na kila mtu uliyemfanyia kazi bure. Chuo cha biashara cha Stanford kina feloshipu ya MBA kwa Waafrika wasio na uwezo: ukimaliza unatakiwa urudi Afrika ndani ya miaka 2, ufanye kazi angalau miaka 2. Chevening pia lazima urudi nyumbani kwa miaka 2. Mama, unaona? Hao angalau wamekuandikia wanachotaka.

Vyuo vingi vya MBA vitataka mtihani wa GMAT au GRE. GMAT ya sasa ni saa mbili na robo, sehemu tatu za dakika 45, na alama zake zinaanzia 205 mpaka 805. Usiusome peke yako. Tafuteni wanne, mkae hata kwenye ngazi za maktaba. Mmoja wenu atakuwa anajua hesabu, mwingine anajua Kiingereza, wa tatu ana intaneti, na wa nne mwacheni tu alete viazi vya karai.

Na kabla hujaomba popote, watafute waliopita kule uwaulize mambo mawili: nani alikusomea wasifu, na ulipokataliwa ulikwenda kwa nani? Ukisikia majina, omba. Ukisikia "tulitumiwa kiungo", pesa chukua ukipewa, lakini watu itabidi uwatafute mwenyewe.

Mimi nitakaa pale mezani mpaka adhuhuri, na baada ya swala narudi mpaka saa kumi. Leteni wasifu, hata ulioandikwa kwa mkono. Tuko wanne wa kuwasomea, na yule kijana wa Changamwe ni mmoja wetu. Ameshaomba tena, anangoja majibu. Msimuulize, ataulizwa na mamake.

Daftari nimekuja nalo. Liko pale karibu na birika. Lifungueni, mlitazame, nyekundu zote zimo. Ila anayeshika kahawa alitazame kwa mbali.